Mikono ya Mtoto Husema Kabla ya Mdomo

Mtoto anayekaribia mwaka mmoja hajui kusema, lakini ana mengi ya kusema. Hebu mtazame. Akitaka kubebwa, huinua mikono yote miwili. Akitaka kitu kilicho mbali, hukinyoshea kidole. Akishiba, hugeuza uso pembeni. Shangazi akiaga, naye hupunga mkono kama alivyoonyeshwa. Hayo yote ni mazungumzo. Anayeongea ni mtoto, na anayetakiwa kusikiliza ni sisi.

Katika ukurasa huu tunaeleza jambo linaloweza kufanyika katika kila nyumba hapa Shume bila kununua kitu chochote. Jambo lenyewe ni kumfundisha mtoto mchanga kusema kwa mikono kabla hajaweza kusema kwa mdomo.

Kwa mtoto anayesikia, jambo hili lina faida ndogo, na halina hasara. Kwa mtoto asiyesikia, jambo hili ndilo litakaloamua kama akili yake itapata lugha au itakaa gizani. Na mtoto akiwa mchanga, mara nyingi hatujui bado kama anasikia au hasikii. Basi afadhali tuanze na wote.

KWA NINI MIKONO HUTANGULIA

Kusema kwa mdomo ni kazi ngumu kuliko tunavyofikiri. Ulimi, midomo, meno, koo na pumzi lazima vifanye kazi pamoja, kila kimoja kwa wakati wake. Mtoto huchukua karibu mwaka mzima kabla ya kutoa neno lake la kwanza lililo wazi. Lakini kuelewa huanza mapema zaidi. Mtoto wa miezi saba au minane huwa ameanza kuelewa baadhi ya maneno, ila hana njia ya kuyatoa.

Mkono ni mkubwa na mtoto anauona. Tena mama anaweza kuushika mkono wa mtoto na kumwonyesha jinsi ya kuukunja. Ulimi wa mtoto hawezi kuushika. Kumbuka ulivyojifunza kuandika herufi ya kwanza. Pengine mwalimu alikushika mkono, mkaandika pamoja, halafu akakuachia. Ni vivyo hivyo.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1991 watafiti wawili, Laura Petitto na Paula Marentette, walitoa habari za utafiti walioufanya Kanada. Waliwatazama watoto wachanga viziwi ambao wazazi wao pia walikuwa viziwi, na nyumbani waliongea kwa lugha ya alama. Mnajua mtoto anayesikia hutoa sauti zisizo na maana: ba-ba-ba, ma-ma-ma, da-da-da. Huko ni kujaribu mdomo. Watafiti hao waliona kwamba watoto wale viziwi walijaribu namna hiyo hiyo kwa vidole vyao. Walirudia rudia vipande vya alama walizoziona kwa wazazi, hata kabla ya kujua maana yake.

Tunajifunza nini hapo? Tunajifunza kwamba lugha haikai mdomoni. Inakaa kichwani. Mdomo ni mlango mmoja wa kutokea, na mikono ni mlango mwingine. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine upo.

ISHARA ZA KUANZIA

Usianze na ishara nyingi. Chagua tatu au nne za mambo yanayotokea kila siku. Hizi zinafaa:

1. KULA. Kusanya vidole vyote pamoja, vipeleke mdomoni, kama unayekula ugali.

2. KUNYONYA. Fumba ngumi na kuifumbua mara mbili tatu, kama mtu anayekamua ng'ombe. Wazazi wengi huko Marekani hutumia ishara hii. Sisi wa milimani tunaofuga ng'ombe wa maziwa tunaielewa bila kuelezwa.

3. KUNYWA. Kunja mkono kama unashika kikombe, ukiinue mdomoni.

4. KULALA. Laza kichwa juu ya kiganja, ufumbe macho kidogo.

5. IMEKWISHA. Kung'uta viganja viwili kimoja kwa kingine, halafu mwonyeshe kuwa ni vitupu.

6. MOTO, HATARI. Peleka mkono kama unataka kugusa, urudishe haraka na kukunja uso. Ishara hii ifundishwe mapema sana. Katika baridi ya Shume tunaota moto karibu kila jioni, na watoto huungua kwenye mafiga.

Kama nyumbani kwenu mna ishara nyingine kwa mambo haya, tumieni hiyo hiyo. Muhimu ni kwamba baba, mama, bibi na ndugu zake wote watumie ishara moja kwa jambo moja. Bibi akifanya hivi na dada akifanya vile, mtoto atachanganyikiwa.

JINSI YA KUFUNDISHA

Kwanza, mtoe mtoto mikono nje. Huku kwetu kuna baridi, na mtoto hufungwa shuka na sweta mpaka shingoni, mikono ikiwa ndani. Ni vizuri kumkinga na baridi. Lakini wakati wa jua, au mkiwa karibu na moto, mwachie mikono yake icheze.

Pili, kaeni uso kwa uso. Mtoto aliye mgongoni haoni uso wa mama wala mikono yake. Mama anayekwenda shambani na kurudi na mtoto mgongoni anaweza kumaliza siku nzima bila mtoto kuona neno hata moja. Basi tumia nafasi zilizopo: wakati wa kunyonyesha, wakati wa kumwogesha, wakati wa kumlisha, na wakati wa kupumzika chini ya mti shambani.

Tatu, sema na ufanye ishara kwa wakati mmoja. Usinyamaze. Ukifanya ishara ya kula, tamka pia "kula". Masikio yapate na macho yapate.

Nne, ishara iende na jambo lenyewe. Onyesha KUNYONYA kabla tu ya kumpa ziwa. Onyesha IMEKWISHA wakati bakuli la uji limekwisha kweli.

Tano, anza akiwa na miezi sita hivi, na usiwe na haraka. Pengine utafanya ishara mwezi mzima, au miwili, na mtoto anakutazama tu. Usikate tamaa. Mbegu ya kabichi nayo hukaa chini ya udongo siku kadhaa kabla ya kuonekana. Watoto wengi hurudisha ishara ya kwanza kati ya miezi minane na kumi na miwili.

Sita, pokea anachotoa. Ishara yake ya kwanza itakuwa mbaya mbaya, kama mwandiko wa mtu anayeanza kuandika. Badala ya kupeleka vidole mdomoni ataviweka shavuni. Mwitikie, mpe chakula, na wewe uifanye sawasawa ili aone. Usimlazimishe, wala usimnyime chakula mpaka aonyeshe ishara.

JE, HATACHELEWA KUSEMA?

Swali hili huulizwa na wengi, hasa akina bibi. Wanasema: "Mtoto akizoea mikono, atakuwa mvivu wa mdomo."

Hofu hiyo siyo ya Shume peke yake, na ni ya zamani. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana mjini Milan, Italia. Wakaamua kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa mdomo tu, na alama ziachwe. Walidhani alama zinazuia kusema. Uamuzi huo ulienea katika shule za nchi nyingi. Kwa miaka mingi watoto walikatazwa kutumia mikono darasani. Wengi wao walimaliza shule wakiwa hawasemi vizuri kwa mdomo, wala hawakufundishwa vizuri kwa mikono. Mwaka 2010 mkutano wa aina hiyo hiyo ulifanyika Vancouver, Kanada. Hapo waliukataa uamuzi wa Milan na kueleza masikitiko yao kwa madhara yake. Ni miaka 130 ilikuwa imepita.

Na watoto wanaosikia je? Katika miaka ya 1980 mtaalamu mmoja wa California, Marekani, Linda Acredolo, aliona jambo nyumbani kwake. Binti yake alikuwa hajajua kusema vizuri. Lakini kila alipoona ua, alikunja pua kama anayenusa. Alikuwa amejitungia neno la "ua". Mama yule na mwenzake, Susan Goodwyn, wakaanza kuchunguza. Waliona kwamba watoto waliofundishwa ishara hawakuchelewa kusema.

Baadaye wengine walisema kwamba ishara humfanya mtoto awe na akili kuliko wenzake. Hapo tuwe waangalifu. Mwaka 2013 huko Uingereza, Elizabeth Kirk na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wao. Walifuata akina mama 40 na watoto wao, toka miezi minane mpaka miezi ishirini. Wale waliofundishwa ishara hawakuwapita wenzao katika kusema, wala hawakubaki nyuma. Lakini akina mama waliotumia ishara walizidi kumwangalia mtoto kama mtu mwenye mawazo yake.

Basi, ukweli ni huo. Ishara haimchelewishi mtoto anayesikia, wala haimfanyi kuwa profesa. Inaweza kumpunguzia kilio, kwa sababu anaweza kusema anachotaka. Na inamzoesha mama kumtazama mtoto wake kwa makini. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana, kama tutakavyoona hapa chini.

Tena tukumbuke kwamba mtoto wa huku Usambara hukua na Kishambaa nyumbani na Kiswahili shuleni na sokoni. Mpeleke Lukozi siku ya gulio, atakusikilizisha zote mbili. Nani amewahi kuona Kishambaa kimemzuia mtoto kujua Kiswahili? Lugha moja haifukuzi nyingine.

MTOTO ASIYESIKIA

Sasa tufike kwenye kiini cha habari hii.

Ndugu msomaji, unakumbuka ulivyokuwa kabla hujajua kusoma. Barua ikija, unampa mtu mwingine akusomee, na siri yako ameijua. Ukifika hospitali, kibao huoni kinasema nini. Ulikuwa umefungiwa nje. Lakini hata wakati huo ulikuwa na lugha. Uliweza kuuliza, kubishana, kusimulia, kuomba na kutania. Ndiyo maana hata mtu wa miaka 50 au 60 aliweza kuanza kujifunza kusoma na akafaulu. Kusoma kulijengwa juu ya msingi uliokuwapo.

Mtoto kiziwi aliyezaliwa katika nyumba ambayo wote wanasikia na hakuna anayejua alama hana msingi huo. Haitwi kwa jina. Haelezwi kwa nini babu haonekani tena, au kwa nini ng'ombe ameuzwa. Hajui kwamba kila kitu kina jina. Anaona midomo inacheza tu. Akikasirika, watu husema ni mkorofi. Akinyamaza, watu husema ni mjinga. Kumbe siyo mkorofi wala mjinga. Hajapewa lugha.

Na lugha haimsubiri mtu mpaka awe mkubwa. Miaka mitano ya kwanza ndiyo wakati ambapo ubongo wa mtoto hushika lugha kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote. Mkulima wa Shume anaelewa hili. Mche wa kabichi ukipita umri wake kitaluni, ukaupeleka shambani kwa kuchelewa, utaota, lakini hautafunga vizuri. Mtoto anayeipata lugha yake ya kwanza akiwa na miaka minane au kumi atajifunza, ila kwa taabu, na mara nyingi hataifikia pale ambapo angefika. Wahenga walisema: udongo upatize ungali maji.

Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa hiyo usiseme, "katika ukoo wetu hakuna kiziwi." Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na milioni 34 kati yao ni watoto. Shirika hilo linakadiria kwamba kwa watoto, karibu sehemu 60 kati ya 100 za upungufu huo zingeweza kuzuiwa.

Sababu ni nyingi. Wengine huzaliwa hivyo kwa urithi. Wengine hupata madhara mama anapougua rubella akiwa mjamzito. Wengine huumia wakati wa kuzaliwa, kwa kukosa hewa au kwa manjano kali. Wengine huugua homa ya uti wa mgongo, surua, au matubwitubwi. Baadhi ya dawa kali, kama sindano za jentamisini, zinaweza kudhuru masikio zisipotumiwa kwa uangalifu wa mganga. Na sikio linalotoa usaha bila kutibiwa huharibika pole pole.

Basi tupeleke watoto kliniki. Toka mwaka 2014 Tanzania hutoa chanjo ya surua na rubella pamoja, mtoto akiwa na miezi tisa, na tena akiwa na miezi kumi na minane. Hiyo ya pili wengi huisahau. Msiisahau. Na sikio linalotoa usaha lipelekwe zahanati. Msitie mafuta, wala maji ya kitunguu, wala kijiti.

Ila tuseme wazi: uziwi hauletwi na laana wala na kosa la mama. Anayemlaumu mama anapoteza wakati ambao mtoto hana.

UTATAMBUAJE?

Hapa ndipo mama anayetazama mtoto kwa makini hupata faida. Tazama mambo haya:

Mpaka miezi mitatu: je, hushtuka kelele kubwa ikitokea ghafla? Je, hutulia akisikia sauti yako?

Miezi sita: je, hugeuka kutafuta sauti inatoka wapi?

Miezi tisa: je, hugeuka ukimwita jina?

Mwaka mmoja: je, huelewa maneno kama "njoo", "lete", "hapana", hata bila kuonyeshwa kwa mkono?

Hilo la mwisho ni muhimu kwa nyumba inayotumia ishara. Siku moja moja mjaribu kwa sauti tu, mikono ikiwa imetulia.

Unaweza kumpima nyumbani. Mtu mmoja amchezee mtoto kwa mbele. Mwingine asimame nyuma yake, mahali asipoonekana, amwite au atikise mbegu kavu ndani ya kopo. Asipige mlango wala asikanyage sakafu kwa nguvu, maana mtoto kiziwi huhisi mtikisiko huo mwilini na kugeuka. Wala asimpulizie hewa shingoni. Rudieni mara kadhaa, siku mbalimbali.

Jihadharini na jambo moja. Mtoto kiziwi naye hulia, hucheka, na katika miezi ya kwanza hutoa sauti kama wenzake. Kwa hiyo wazazi hudhani yu mzima. Baadaye sauti zile hupungua badala ya kuongezeka.

Mkiwa na wasiwasi, msingoje. Msikubali maneno ya "atasema tu, hata mjomba wake alichelewa". Nendeni zahanati au kituo cha afya, muombe rufaa ya hospitali ya wilaya Lushoto. Kutoka hapo mnaweza kutumwa Bombo mjini Tanga, au KCMC Moshi, au Muhimbili. Muhimbili ilianza mwaka 2017 kuwapandikizia watoto kifaa cha kusaidia kusikia, kazi ambayo kabla ya hapo watu walipelekwa nje ya nchi. Kifaa hicho ni cha gharama kubwa, na siyo kila mtoto kinamfaa. Lakini mkiwa safarini kutafuta matibabu, mikono isinyamaze. Mtoto apate lugha huku mnatafuta dawa. Msimwache asubiri.

ISHARA SITA HAZITOSHI

Ishara za nyumbani tulizozitaja ni kama herufi za mwanzo. Zinafungua mlango, lakini siyo kitabu. Kwa ishara sita mtoto anaweza kuomba maziwa. Hawezi kuuliza, "Kesho tutakwenda wapi?" Wala hawezi kusema, "Siyo mimi niliyevunja."

Mtoto asiyesikia anahitaji lugha kamili. Nayo ipo. Inaitwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Ni lugha ya kweli, ina maneno yake na utaratibu wake, na mtu anaweza kuitumia kusali, kubishana bei, kufundisha hesabu au kusimulia hadithi. Haikutengenezwa ofisini. Ilikua katika shule na miongoni mwa viziwi wenyewe. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianza Tabora mwaka 1963. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ilianza mwaka 1974. Baadaye nyingine zikafuata, na mojawapo iko Mwanga, Kilimanjaro. Toka huku kwetu hushuka mtu mpaka Mombo, akashika barabara kuu ya kwenda Moshi, akaipita Same. Alama hutofautiana toka shule hadi shule.

Viziwi wenyewe wana chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania, kwa kifupi CHAVITA. Kilianzishwa mwaka 1984, na kina matawi mikoani. Huko ndiko mzazi anakoweza kuuliza juu ya mafunzo ya alama na kamusi za picha. Na wenyewe wanapenda kuitwa viziwi. Neno "bubu" tuliache. Mtu anayeongea kwa mikono siyo bubu.

Nchi jirani zimelipa jambo hili heshima. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali kuendeleza lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Umoja wa Mataifa nao umeiweka tarehe 23 Septemba kuwa siku ya lugha za alama duniani, na ilianza kuadhimishwa mwaka 2018.

Lakini mtoto hakai ndani ya katiba. Anakaa Shume, nyumbani kwa mama yake. Na shule ya bweni humpokea akiwa na miaka sita au saba. Ile miaka sita ya kwanza, ambayo ndiyo yenye rutuba, ni yetu sisi wa nyumbani.

KAZI YA KIJIJI

Pengine mtasema: mama mmoja atawezaje lugha nzima? Ni kweli, peke yake hawezi. Lugha huhitaji watu.

Huko Ghana kiko kijiji cha wakulima kiitwacho Adamorobe. Kwa vizazi vingi kijijini hapo wamezaliwa viziwi wengi kwa sababu ya urithi. Watu wake wakajenga lugha yao ya alama, na wanaosikia nao wakaijua. Kiziwi akienda shambani, akienda kwa jirani, anaongea. Hakuna serikali iliyowaagiza. Waliona wenzao wako pale, wakajifunza kuongea nao.

Sisi hatuna viziwi wengi kiasi hicho mahali pamoja. Lakini tunaweza kufanya haya:

Kama kuna kiziwi mtu mzima anayejua alama, hapa Shume au Manolo au Mlalo, mwiteni nyumbani, mkae naye, na mtoto amwone. Huyo ni mwalimu bora kuliko kitabu. Tena mtoto atajua kwamba kiziwi hukua akawa mtu mzima mwenye kazi na familia.

Kaka na dada wa mtoto wafundishwe alama kwanza. Watoto hushika upesi, nao ndio wanaokaa na mdogo wao mchana kutwa.

Baba naye ajifunze. Mara nyingi mama peke yake ndiye anayeelewana na mtoto kiziwi. Mama akisafiri, mtoto anabaki kama mgeni kwao.

Usiku washeni taa, iwe koroboi au ya sola, na iangaze uso na mikono ya anayeongea. Gizani mtoto kiziwi ameondolewa barazani.

Ongeeni naye mambo yote, siyo amri tu. Siyo "njoo", "kaa", "acha" kutwa nzima. Mwelezeni kwamba mvua inakuja, kwamba lori la viazi limekwama, kwamba bibi anaumwa.

Mwulizeni mwalimu mkuu, na kwa wilaya afisa anayeshughulikia elimu maalum, juu ya nafasi za shule kabla mtoto hajafika umri wa kuanza. Wilaya yetu si ngeni kwa kazi hii. Shule ya wasioona ya Irente tunaijua wote. Kama asiyeona hupewa kusoma kwa vidole, asiyesikia apewe kusema kwa vidole.

Ndugu msomaji, serikali na shule zina kazi yao. Lakini ishara ya kwanza haihitaji kibali cha mtu. Leo jioni mtoto wako wa miezi sita atakapokaa mbele yako, mtoe mikono kwenye shuka. Kusanya vidole vyako, vipeleke mdomoni, useme "kula". Kama anasikia, hujapoteza kitu. Kama hasikii, umemwambia neno lake la kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja ishara tano ambazo watoto wachanga wa nyumbani kwenu huzitumia tayari.

2. Kwa nini mtu mzima anaweza kujifunza kusoma akiwa na miaka 50, lakini mtoto kiziwi hawezi kungoja mpaka awe mkubwa ndipo apewe lugha?

3. Utampimaje mtoto wa miezi tisa kujua kama anasikia? Ni mambo gani ya kujihadhari nayo?

4. Je, kijijini kwenu yuko mtoto au mtu mzima asiyesikia? Nani kati yenu anaweza kuongea naye kwa mambo zaidi ya kula na kunywa? Mtafanya nini?